Tenga la Pamba Chafu

“Hii ya kwa Placide,” alisema Marguerite, mke wa kapita, akarusha bonge la pamba ya manjano bila kugeuza kichwa. Likaangukia ndani ya tenga kubwa lililokaa katikati ya vichanja vya kuanikia. Mwanamke wa upande wa pili naye akarusha lake. “Na hii.” Mwingine akafuata. “Na hii tena, inanuka hata.”

Cécilia alikuwa ameketi papo hapo, karibu kabisa na tenga, akichambua pamba ya shamba lake kama wenzake. Placide alikuwa mume wake. Hakuna aliyemwonea haya. Wanawake wa Lukenda, kijiji cha njiani kati ya Kasongo na Kabambare, walikuwa wameyasema maneno hayo misimu mingi mpaka hawakuyasikia tena. Pamba nyeupe ilikuwa ya kila mtu. Pamba iliyonyeshewa, iliyotobolewa na wadudu, iliyogeuka rangi ya mkojo, hiyo iliitwa ya kwa Placide, hata kama imetoka shambani kwa kapita mwenyewe.

Pamba yenyewe hakuna aliyeiomba. Ni Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, aliyeamuru kila nyumba ilime, watu wapende wasipende, hata mihogo ikose mahali. Siku ya soko alikuja Mzungu wa kilimo ambaye watu walimwita Bwana Pamba, na nyumba iliyoonekana na pamba chafu, mwanamume wake alilazwa kifudifudi mbele ya mizani akachapwa fimbo nane kwa uvivu. Uvivu! Kana kwamba mvua huomba ruhusa kwa mtu kabla ya kunyesha. Kila nyumba ilikuwa na pamba chafu, na kuizika hakukuwezekana, maana mtu mmoja aliyejaribu alichongewa, akafungwa Kasongo, akarudi na miguu iliyovimba.

Ndipo Kapita Célestin, mkuu wa kijiji, alipopata ujanja wake. Uchafu wote ukusanywe katika tenga moja, na nyumba moja ilibebe mpaka kwenye mizani. Bwana Pamba atampata mtu wake wa kupiga, wengine watarudi na ngozi nzima. Ilisemwa itakuwa kwa zamu. Zamu ya kwanza ikampata Placide, kwa kuwa baba yake aliletwa nchi hii na kamba shingoni wakati wa Waungwana, wale wafanyabiashara ya watumwa, akafa hana ukoo, na mtoto wa mtu wa namna hiyo hana mjomba wa kusimama na kuuliza kwa nini yeye. Msimu uliofuata hakuna aliyetaja zamu. Wala msimu uliofuata huo. Placide alilala, akainuka, akavaa shati lake, na kijiji kikaenda kununua chumvi.

Sasa Wazungu walikuwa wanapigana vita kwao, pamba ikadaiwa kwa ukali zaidi, na tangu soko lililopita Placide alikuwa anakojoa damu. Cécilia alimpeleka kwa miguu mpaka dispansari ya Kasongo. Mwuguzi alimpapasa kiunoni, akamwita Cécilia nje, akamwambia bila kuzunguka: “Mama, figo zake zimeharibika. Wakimupiga tena, utamuzika.”

Maneno hayo ndiyo yaliyomwinua Cécilia pale vichanjani.

“Wamama,” alisema, “Placide iko mugonjwa. Kule Kasongo wamesema akipigwa tena anakufa. Naomba, musitie tena mu ile tenga.”

Wakatazamana. Marguerite akajikuna shingo. “Sasa unataka tutie wapi? Mu sufuria?”

Wakacheka. Ila Émérance, msichana wa Nyangwe aliyeolewa pale na André baada ya soko lililopita, alikuwa ametoa macho. “Miye nilikuwa nafikiri huyu Placide iko na shamba kubwa kupita watu wote,” alisema. “Tangu asubuhi nasikia ya Placide, ya Placide. Kumbe hii yote haiko yake?”

Hapo walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mgeni wa Nyangwe, hajui kitu! Cécilia alisimama katikati ya kicheko hicho na mikono yake imejaa pamba, akaona heri wangemtukana.

*

Alikwenda kwa kapita mchana. Célestin alikuwa anakula ugali wa muhogo kwa samaki mkavu. Hakumwambia keti. Alikula taratibu, akachambua miiba, akanywa maji, akapangusa midomo, na Cécilia amesimama juani mbele yake kama mtu aliyeletwa kwa wizi.

“Sema, mama.”

“Baba Kapita, nakuja juu ya bwana yangu. Hawezi tena kulala chini ya fimbo. Ile zamu mulisema zamani, sasa ifike kwa wengine.”

“Zamu,” alisema Célestin, kama mtu anayekumbushwa jina la marehemu. “Mama Cécilia, mutu moja anaumia kidogo, kijiji kizima kinapona. Mubaya iko wapi?”

“Mubaya iko mu mugongo ya bwana yangu.”

“Mugongo ya Placide imezoea. Nikimulalisha André leo, ataniletea wajomba wake wote hapa, itakuwa vita. Placide hana maneno. Yeye mwenyewe hajakataa hata siku moja.” Akachukua kijiti, akaanza kuchokoa meno. “Na ule udongo munalima, ni wa nani?”

Cécilia akatazama miiba ya samaki sahanini.

“Nakuuliza. Ni wa nani?”

“Ni wa ukoo yenu, Baba Kapita.”

“Aksanti. Enda muzuri.”

Alirudi nyumbani na hasira. Na nyumbani akakuta jambo la kumtia hasira zaidi. Placide alikuwa ameketi mlangoni anasuka kamba ya kufungia tenga. Tenga lile lile! Alikuwa anasuka kamba ya kubebea fimbo zake mwenyewe.

“Weka chini,” alisema Cécilia.

“Mama, usituletee vita na watu. Nitalala tu. Njo vile inakuwaka siku zote.”

“Utakufa!”

“Nitakufa, basi. Kama wakitunyanganya shamba, tutakufa wawili.” Alisema hivyo kwa upole, kama anayeeleza bei ya chumvi. Cécilia akamnyang’anya ile kamba akaitupa jikoni motoni, kisha akakaa chini akalia, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Safi alimkuta hivyo hivyo. Alikuwa mjane mzee, Mwislamu, mwenye ushungi wake mweupe hata akienda shambani, na kila mtu Lukenda alijua ametoka nyumba gani. Ni baba yake Safi aliyekuwa ameshika ile kamba iliyofungwa shingoni mwa baba yake Placide. Alikuwa hajapata kuweka mguu katika nyumba hii. Nyuma yake alisimama Émérance, anatazama chini.

“Huyu mutoto amekuja kuniuliza kitu,” alisema Safi, akajikalisha kwenye kinu kilicholala bila kungoja kukaribishwa. “Ameniuliza, Mama Safi, weye unaswaliaka mara ngapi kwa siku? Nikamujibu. Akaniuliza, na pamba yako muchafu unaitiaka wapi? Nimekosa jibu.”

“Sikusema kwa ubaya, mama,” alisema Émérance.

“Najua. Njo ile imeniumiza.” Safi akamgeukia Cécilia. “Sikiliza, mwanangu. Leo umewaomba. Usiwaombe tena. Mutu ukimuomba anajiona mukubwa, anakatala ili aonekane mukubwa zaidi. Na usiwatukane. Ukiwatukana watapata maneno ya kujificha ndani. Watasema Cécilia ana mudomo mubaya, watasahau pamba.”

“Sasa tutafanya nini?”

“Kesho nitakuja na kikapu yangu. Ile muchafu ya shamba yangu nitatia mule. Nitasema, hii ya kwangu. Basi. Mutoto huyu atasema vilevile. Na weye vilevile. Kesho, na siku ya kufuata, mpaka siku ya soko. Neno ile ile.”

“Watu watatu,” alisema Cécilia. “Kijiji kizima kitatucheka.”

“Watacheka. Kucheka kunachokesha, mwanangu. Hawawezi kucheka kila siku.”

*

Walicheka kweli. Safi aliokota bonge la manjano kwenye kichanja chake, akaliinua watu walione, akasema, “Hii ya kwangu,” akalitia kikapuni. Émérance akafuata, sauti haisikiki vizuri. Cécilia akafuata. Wanawake waliacha kazi kuwatazama. Halafu mmoja akaokota kinyesi cha mbuzi, akakitia kwenye kikapu cha Safi, akasema, “Na hii pia ya kwako.” Vichanja vikatikisika kwa kicheko. Safi akakitoa kwa vidole viwili, akakiweka pembeni, akaendelea kuchambua.

Siku ya pili walitungiwa wimbo. Siku ya tatu kicheko kikaisha, kikaja kitu kibaya zaidi. Cécilia alipoenda jirani kuomba kaa la moto aliambiwa moto umezimika, na moshi unatoka juu ya paa anauona kwa macho yake. Mtoni mitungi yao iliondolewa kwenye mstari ikasogezwa mwisho, nyuma ya watoto. Safi alisemwa kuwa uzee umemuingia kichwani. Marguerite hakujificha, alisema mbele ya wote:

“Hawa wanataka wanaume wetu wote wapigwe juu ya mutu moja. Na huyo mutu mwenyewe, mugongo yake imeshakuwa kama ya punda. Hasikii kitu.”

Damu ilimpanda Cécilia kichwani. Mwanamke huyu hajawahi kukanda mgongo ule kwa majani ya moto! Hajawahi kusikia mtu mzima akiuma shuka ili asilie! Alikuwa amekwisha kufungua mdomo, na maneno aliyokuwa nayo yangetosha kuharibu undugu wa vizazi viwili. Safi akamkanyaga mguu, kwa nguvu.

Cécilia akameza. Akaokota pamba ya manjano, akainua. “Hii ya kwangu,” alisema, na machozi yanamtiririka.

Marguerite alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi. Alipoona hakuna, alibaki ameshika kiuno, halafu akakaa.

Siku iliyofuata Émérance hakuonekana asubuhi. “Aha,” wakasema, “wa Nyangwe amefundishwa.” Cécilia akatazama njia ya kwa André. Wakiwa watatu walikuwa kitu. Wawili, mke wa mtumwa na bibi kizee, walikuwa vichekesho tu. Lakini jua lilipopanda Émérance alikuja na kikapu chake kichwani, jicho moja limevimba mpaka limefumba, mdomo umepasuka. André, mume wake, alikuwa amechoka kuchekwa na wenzake. Akaketi mahali pake. Akaokota pamba, akaigeuza kwa lile jicho moja kuitazama vizuri kama ni nyeupe au chafu.

“Hii ya kwangu,” alisema.

Hakuna aliyecheka. Wimbo wao haukuimbwa siku hiyo, na mwanamke mmoja alisogea kidogo kumpa Émérance kivuli.

*

Ni Cécilia aliyegundua. Jioni moja kila mtu amekwisha kuondoka, alilitazama lile tenga kubwa akaona linafika nusu. Miaka mingine wakati huo lilikuwa linamwagika. Alifikiri amekosea, akaingiza mkono. Pamba ilikuwa imelegea tu, haikushindiliwa. Na mvua ya mwaka huo ilikuwa mbaya kuliko ya miaka yote.

Kesho yake hakutazama pamba yake, alitazama mikono ya wenzake. Mwanamke aliyekaa karibu na nguzo aliokota bonge chafu, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akalipitisha usoni kama anayefuta jasho, akalisokomeza kwenye pindo la nguo kiunoni. Baadaye kidogo mwingine alifanya hivyo hivyo, akijificha asionwe na yule wa kwanza. Kila mmoja alimwogopa jirani yake, na jirani yake alikuwa na lake kiunoni.

Alipomweleza Safi, mzee yule alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. “Wanaogopana!” alisema. “Kila mutu anaficha yake kwa mwenzake!” Halafu akaacha kucheka. “Lakini kubeba kwa kujificha haitamuponyesha Placide. Siku ya soko wanaweza kuirudisha yote mu tenga. Tuendelee.”

Siku moja kabla ya soko, Cécilia alikutana na Marguerite kwenye kinjia cha mtoni, wawili tu, njia haina pa kupishana. Kwenye kiuno cha mke wa kapita nguo ilikuwa imefura, na kipande cha pamba ya manjano kimechungulia nje. Wote wawili wakakitazama. Marguerite akakisukuma ndani kwa kidole gumba.

“Usimuambie mutu,” alisema.

“Nitamuambia nani? Hakuna mutu anasemaka na miye.”

Marguerite akapita, ndoo yake ikamgusa Cécilia begani, hakuomba radhi.

*

Mizani ilitundikwa mapema. Bwana Pamba alishuka kwenye gari lake na kofia yake ngumu na buti za vumbi, akakaa nyuma ya meza pamoja na karani, na polisi wa shefu, mkubwa wa makapita, akasimama pembeni na fimbo ya ngozi ya kiboko amekwisha kuiloweka majini. Watu wa Lukenda walijipanga nyumba kwa nyumba, waume mbele, wake nyuma na vikapu vichwani. Vikapu vyote, isipokuwa vya wale watatu, vilikuwa vyeupe juu. Cécilia alivitazama kimoja kimoja, na kwa weupe ule hakuweza kujua chini kuna nini.

Kapita Célestin aliburuta tenga kubwa mbele. Lilikuwa na pamba kidogo chini, haikufunika hata kitako; nyingine wenyewe walikuwa wameirudia kwa siri. Célestin mwenyewe alishangaa, maana kazi ya kuchambua ilikuwa ya wanawake na yeye hakuwa anakwenda vichanjani.

Bwana Pamba akachungulia. Kwa Kiswahili chake cha kuamuru akauliza, “Mutu yangu iko wapi?”

Mutu yangu! Miaka yote hiyo hakujua hata jina lake.

Célestin akainua mkono, hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe ulikozoea. Ukamwonyesha Placide. Na Placide, Mungu wangu, alikuwa amekwisha kuanza kufungua vifungo vya shati.

Safi akatoka mstarini. Alitembea taratibu mpaka mezani, akashusha kikapu chake kidogo, akakimimina chini. Manjano tupu. “Hii ya kwangu,” alisema. “Miye sina bwana. Alishakufa. Mutanilalisha miye.”

Émérance akafuata, akamimina. “Hii ya kwangu.” Jicho lake lilikuwa limeanza kufunguka. Cécilia akafuata, akamimina. “Hii ya kwangu.”

Halafu hakuna aliyefuata. Nzi walisikika. Wanawake walikuwa wamesimama na vikapu vyao vyeupe, macho yako chini, kila mmoja anangoja. Cécilia akajua wanaweza kabisa kumwacha Placide afe. Wangeweza kurudi nyumbani wakayatupa yale ya chini ya vikapu, wakalia msibani, na kumletea yeye muhogo. Hawakuwa watu wabaya. Hilo ndilo lililomtisha.

“Placide,” aliita polisi. “Kuja.”

Kikapu kikaanguka. Marguerite alikuwa amekishusha chake kwa nguvu mbele ya miguu ya mumewe, akafukua ile nyeupe ya juu kwa mikono miwili, na chini yake kukatoka manjano, bonge baada ya bonge.

“Na hii?” alimwuliza Célestin. “Hii haiko ya Placide. Hii ni ya shamba yako. Nilichuma mwenyewe.”

Célestin akainama kuitazama. Nyuma yake vikapu vilikuwa vinashuka, kimoja, viwili, halafu vyote kwa pamoja, na wanawake wanafukua, wanamimina, na kila mmoja akiona ya mwenzake anapiga kelele ya mshangao: “Hata weye?” “Na weye pia!” “Hii ya kwangu!” “Hii ya kwangu!” Chini ya mizani kukawa na lundo la manjano lililofika magotini.

Bwana Pamba alisimama, uso umekuwa mwekundu. Alipiga meza, alitukana kwa Kifaransa. Akatembea kwenye mstari akitafuta wa kuanza naye, na hakumpata, kwa sababu kila aliyemwelekezea kidole mke wake alisema ndiyo, ya kwetu. Kuwapiga wote fimbo nane kungechukua siku nzima, na alikuwa anangojwa Kabambare. Basi akatoa amri: kila nyumba yenye mwanamume, fimbo mbili, kuanzia kapita.

Na ndivyo Kapita Célestin, kwa mara ya kwanza tangu avikwe beji ya serikali, alivyolala kifudifudi kwenye vumbi la Lukenda. Aliguna kwa fimbo ya kwanza. Kwa ya pili alipiga yowe kama mtoto.

Walifuata mmoja mmoja. Zamu ya Placide ilipofika alikuwa amekwisha kuvua shati, amelikunja vizuri kama kawaida yake, analiweka chini. André, aliyetoka kupigwa sasa hivi na bado anajishika nyuma, akamshika mkono.

“Huyu hapana,” alimwambia polisi. “Huyu alishapata zake. Alipata na zangu.”

“Huyu hapana,” alisema mwingine. “Na zangu pia.” Wakaanza kusema wote, si kwa sauti kubwa, lakini hawakunyamaza. Polisi, mtoto wa nchi ile ile, ambaye mkono wake ndio ulioziharibu zile figo, akatazama mezani. Bwana Pamba alikuwa amegeuka, anamfokea karani juu ya mizani.

“Pita,” alisema polisi kwa sauti ya chini.

Placide alisimama pale pale. Hakujua mtu hupita vipi.

*

Jioni hiyo Lukenda ilikuwa kama ina arusi. Wanaume walikuwa wanakalia tako moja, wanaonyeshana alama, wanachekana nani alilia. Célestin alikuwa na sauti kuliko wote. Wafanyabiashara wawili wa samaki wanaopita kwenda Salamabila walikuwa wamepumzika barazani kwake, na Cécilia, akipita na mtungi wa maji, alimsikia anawaambia, “Sisi watu wa Lukenda hatuachanake. Kama ni fimbo, tunakula wote. Njo desturi yetu tangu wakati wa wazee.” Na wale waliomzunguka, watu wazima wenye akili zao, walitikisa vichwa: ndiyo, tangu wazee. Hakuna aliyemtaja Safi. Hakuna aliyemtaja Émérance.

Cécilia alidhani atafurahi. Alikuwa amengoja furaha tangu mchana, na haikuja. Kilichokuja ni hasira mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza. Jambo lenyewe lilikuwa dogo namna ile! Kumimina kikapu. Kusema ni yangu.

Marguerite alikuja na sahani ya sombe ya majani ya muhogo imefunikwa, na juu yake bonge la ugali. Hakuwa amepata kuleta chakula nyumba ile. Akasimama mlangoni, anatafuta pa kuanzia.

“Ya Placide,” alisema, halafu akajisikia mwenyewe alichosema, akainamisha macho. “Nilitaka kusema, ni chakula yake. Iko muzuri?”

“Amelala. Anaumwa.”

“Pole.” Akabadili mguu wa kusimamia. “Mwenzangu, usituone watu wabaya. Sisi wote tulikuwa tunaonaka ile kitu haiko muzuri. Tangu zamani. Hata miye, kila mwaka, roho ilikuwa inaniuma.”

Cécilia alimtazama. Angeweza kumsamehe mtu aliyekuwa kipofu. Miaka yote alikuwa amejiambia hivyo: hawaoni, hawajui, wamezoea.

“Tangu zamani?” aliuliza.

“Tangu mwaka ya kwanza.”

“Na mulikuwa munangoja nini?”

Marguerite akashika pindo la nguo yake kiunoni. Kule barazani kwa kapita watu waliangua kicheko kingine. Ndani ya nyumba Placide akaita kwa sauti ndogo, anaomba kusaidiwa kwenda haja, na wote wawili walijua kitakachotoka kitakuwa chekundu.

Cécilia aliipokea sahani, kwa sababu mumewe alikuwa hajala tangu asubuhi. Halafu akafunga mlango, Marguerite bado amesimama nje.